Aliyeandika Majina ya Dembo

Shefu Édouard wa mtaa alileta barua mwenyewe, lakini hakuingia ndani ya lupango, ule ua wa nyumba. Alisimama barabarani, akanyoosha mkono juu ya mlango wa bati, akaishika karatasi kwa ncha za vidole mpaka ikapokelewa.

"Citoyenne Kiembe," akasema. Alitumia neno la serikali la kumwita mwanamke raia, na jina la kitambulisho, ingawa kwa miaka mingi alikuwa akimwita Mama Hortense kama watu wote. "Bakubwa ba chuo banakuya juma yenye kuya. Banakuya kupima ile programu. Weye njo utasema kwa jina ya raia."

Hortense aliisoma palepale, mikono ingali myeupe kwa unga wa muhogo. Barua ilikuwa na mihuri miwili. Ilisema kwamba programu ya Chuo na Raia, iliyofanya utafiti wake pamoja na wananchi wa mtaa, itatathminiwa na wajumbe watatu kutoka nje. Wananchi wataulizwa walishirikishwa namna gani. Na kwa kuwa Citoyenne Kiembe alikuwa msaidizi wa utafiti huo, ameteuliwa kuwa msemaji wao.

"Raia gani?" akauliza. "Nani kati yao ananisalimia?"

"Ile ni mambo yenu ya wanawake. Kesho saa kumi ukuye kwangu. Profesa atakuwa pale. Tutakupa majibu."

Akaondoka. Upande wa pili wa barabara jirani yake Philomène alikuwa akifagia mbele ya nyumba yake. Alikuwa ameona kila kitu. Alisukuma takataka zake zote, majani na vumbi na mavi ya kuku, zikavuka barabara na kukomea mlangoni kwa Hortense. Halafu akaingia ndani.

Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Lilikuwa limeingia mwaka wa tatu.

Hortense hakuzaliwa Likasi. Alitoka Kapolowe, karibu na misioni, na masista ndio waliomfundisha mwandiko ule uliokuja kumponza: herufi zilizosimama wima, na K yenye mkia mrefu. Aliolewa na Cyrille, fundi wa Kampuni ya madini, akaishi naye kambini katika nyumba ya matofali yenye bomba uani. Cyrille alipokufa kwa ugonjwa wa ini, Kampuni ilimpa mjane miezi mitatu ya kuhama, kwa sababu nyumba ni ya mfanyakazi, na mfanyakazi hakuwepo tena. Akanunua lupango pembezoni mwa mji, upande wa Kamatanda. Binti yake Delphine aliolewa Lubumbashi. Yeye akabaki peke yake, anafundisha kushona kwenye foyer, nyumba ya mafunzo ya wanawake ya parokia, asubuhi, na mchana analima dembo kama wenzake.

Dembo lilikuwa bonde la majimaji chini ya mtaa. Hata mwezi wa tisa, nchi nzima ikiwa imekauka na kuungua, udongo wa dembo ulikuwa mweusi na ulishika mguu. Wanawake walipanda mahindi, viazi vitamu, lengalenga. Kwenye makaratasi ya serikali bonde lile lilikuwa limehifadhiwa kwa ajili ya kitu fulani ambacho hakuna aliyewahi kukiona kikijengwa. Lakini makaratasi yalikuwa mbali, na shefu wa zamani alisema limeni tu. Kila mwanamke alijua mpaka wake unaishia kwenye kichuguu gani. Hakuna aliyeandika kitu.

Mwaka wa sabini na sita ndipo Profesa Kasanji alipokuja na wanafunzi wake watano. Alikuwa mtu wa sauti laini, suti yake ya abakosi imepigwa pasi, na alijua kuketi kwenye kiti cha chini bila kuonekana anajishusha. Mkutano wa kwanza ulifanyika uwanjani kwenye parokia.

"Chuo kilikaa mbali na raia muda mrefu," aliwaambia. "Sasa tunataka kufanya utafiti pamoja nanyi. Ninyi mtuambie tatizo lenu ni lipi."

Wanawake wakamwambia. Maji: bomba moja kwa mtaa mzima. Dispensari isiyo na dawa. Taa. Profesa aliandika yote, akaitikia kwa kichwa kila mara, na kila aliyesema alijisikia amekuwa mtu. Mkutano ulipokwisha wanafunzi walifungua masanduku yao, na ndani mlikuwa na karatasi za maswali, ambazo wao waliziita fishi, tayari zimechapwa, mia tatu. Hortense aliitwa kusaidia kuzihesabu. Alisoma kichwa cha habari: mashamba ya pembezoni mwa mji. Hakuna neno juu ya bomba.

Aliliona hilo. Baadaye, usingizi ulipompotea, alijiuliza mara nyingi kwa nini aliliona akanyamaza. Jibu halikuwa gumu. Profesa alikuwa ameutazama mwandiko wake akasema kwa Kifaransa kwamba hata katibu wake wa Lubumbashi hana mwandiko kama huo. Mwanamke aliyekuwa amefukuzwa kwenye nyumba ya matofali alikuwa hajasifiwa na mtu yeyote kwa miaka minne.

Basi akaifanya kazi, na aliifanya vizuri. Wanafunzi hawakujua kuongea na watu. Kiswahili chao kilikuwa cha shuleni, na wanawake walikuwa wakiwajibu ndiyo, ndiyo, kisha wanacheka wakipita. Lakini Hortense alipoketi kwenye ngazi ya jikoni na fishi gotini, walimwambia. Alipima mashamba kwa kamba yenye mafundo. Aliandika jina la kila mtu, upana, urefu, mavuno, na ni nani anayekula. Shamba la kwanza aliloandika lilikuwa lake mwenyewe, ili wenzake waone kwamba hakuna hatari.

"Hii ni ya elimu tu," aliwaambia, kama alivyoambiwa.

Philomène Mwenze alikuwa rafiki yake kuliko wote. Waliazimana chumvi na chungu, na Martine, binti wa Philomène, alikuwa akijifunza kushona kwa Hortense bila kulipa. Philomène aliongozana naye mpaka ndani kabisa ya dembo, akatenga matete kwa mikono, akamwonyesha shamba la pili. Mumewe Joachim alikuwa ameachishwa kazi kwa sababu ya mapafu, na ndugu zake wa kiume walikuwa na tabia ya kufika kila mavuno na magunia matupu. Shamba lile la nyuma ya matete hawakulijua.

"Andika," Philomène akasema, "juu unasema ni ya elimu. Lakini usiseme kwa bantu."

Hortense akaliandika. Namba themanini na nane, na themanini na tisa.

Ramani ilipokwisha ilikuwa kitu cha kupendeza, yenye kijani na manjano, na mashamba mia mbili na kumi na mawili yamechorwa kama vipande vya kitenge. Profesa aliikabidhi kwa wakubwa katika sherehe. Kulikuwa na picha, vinywaji na hotuba juu ya chuo kilichoshuka kwa wananchi. Hortense alipewa cheti. Alipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Hiyo ilikuwa mwezi wa kumi. Mwezi wa pili uliofuata, mahindi yakiwa yamebakiza wiki mbili, watu walikuja dembo na mapanga. Wengine walikuwa vijana wa chama tawala, wengine watu wa ofisi ambao hakuna aliyewajua. Kiongozi wao aliweka ramani juu ya pipa, akashika orodha, akaanza kusoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine. Bonde ni mali ya serikali, alisema. Wenye kulivamia wanajulikana.

Wanawake walikuwa wamekimbilia pale, na wanaume, na ndugu za wanaume. Hortense alisukumana mpaka mbele. Aliiona orodha kabla hajasikia jina lake. Ilikuwa nakala ya mwandiko wake. K ilikuwa na mkia.

"Kiembe Hortense, namba moja." Panga likaanza.

Walipofika themanini na nane kiongozi akasoma, "Mwenze Philomène, mashamba mawili," na vijana wakapita katikati ya matete moja kwa moja, bila kutafuta, kama watu wanaorudi nyumbani kwao. Ndugu za Joachim walikuwa wamesimama hapohapo. Mmoja wao akageuka, akamtazama shemeji yake kutoka miguuni hadi kichwani.

Philomène hakulia. Alimfuata Hortense kwa macho tu, muda wote ambao mahindi yalikuwa yakianguka.

Mwaka ule njaa iliingia katika nyumba nyingi za mtaa. Ndugu za Joachim walimwita mkewe mwizi, na hawakuleta hata kikombe cha unga. Martine, aliyekuwa na miaka kumi na minne na alama nzuri za hesabu, alipelekwa kwa mjomba wake huko Kakanda ili kinywa kimoja kipungue. Hakurudi shuleni. Alipofika miaka kumi na sita walimwoza.

Na hasira yote ya mtaa ikatafuta mahali pa kutua. Profesa alikuwa Lubumbashi. Wakubwa walikuwa wakubwa. Hortense alikuwa hapo, lupango la tatu kutoka bombani. Wakamwita Mama Fishi. Kati ya wanafunzi wake kumi na wanane wa kushona walibaki watatu, nao wa mtaa mwingine. Akifika bombani, wanawake walivuta ndoo zao pembeni kama vile mguu wake una ugonjwa. Walisema alilipwa. Alipojaribu kueleza kwamba shamba lake pia lilikatwa, mmoja alimjibu, "Ile ilikuwa ya kutudanganya macho." Akaacha kueleza. Taratibu naye akawachukia, maana mtu hawezi kukaa akichukiwa miaka miwili huku moyo wake ukibaki maziwa. Aliwachukia kwa kuwa walikuwa na haki, na aliwachukia zaidi pale ambapo hawakuwa nayo.

Hivyo ndivyo alivyokwenda kwa Shefu Édouard siku ya pili ya barua, saa kumi.

Profesa Kasanji aliinuka kumpokea. Alikuwa amenenepa kidogo. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama Hortense! Wewe ni mtoto wa nyumba. Bila wewe tusingekuwa na kazi hii."

"Ni kweli," akajibu Hortense, na akaondoa mkono wake.

Profesa alimweleza. Wajumbe wangekuwa na maswali matano. Je, wananchi walishiriki kuchagua tatizo? Walishiriki kukusanya habari? Walipata matokeo? Matokeo yaliwafaa? Wanataka programu iendelee? Kila swali lingepewa alama, kuanzia moja hadi tano.

"Inne ao tano," akasema Shefu Édouard. "Isipungue. Mara moja moja weka inne, waone ni kweli."

"Na mahindi?"

Profesa akashusha macho. "Lile lilikuwa jambo la utawala, si la utafiti. Lilituuma sote. Lakini tusichanganye mambo. Sasa tunataka kwenda Kapolowe, kwenye mashamba makubwa na samaki wa kule. Ni kwenu, sivyo? Ningehitaji msaidizi wa kudumu. Mwenye mshahara."

Hortense alikipangusa kiganja kwenye kitenge chake. Shefu Édouard alifikiri hicho ni kiburi, akasogeza kiti.

"Unasikia, Citoyenne. Vita ya Kolwezi ina mwaka mmoja tu. Askari bado bako barabarani. Huu si mwaka ya kusema-sema. Mwenye kutukana chuo, anatukana chama. Mwenye kutukana chama, minye sitamuyua."

"Nimesikia," akasema.

Siku ya tathmini ukumbi wa chama ulijaa, kwa sababu Shefu alikuwa ametangaza kwamba asiyekuja atahesabiwa kuwa amekosa salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Watu waliketi na nyuso za kazi ya lazima. Kwanza ziliimbwa nyimbo za chama, na akina mama waliopewa vitenge vyenye picha ya Rais walicheza mbele, viuno vikizunguka na macho yakiwa kwingine. Wajumbe watatu walikaa mezani. Wawili walikuwa wanaume walioandika bila kuinua kichwa. Mkubwa wao alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, miwani imefungwa waya sikioni. Aliitwa Citoyenne Bilonda.

Hortense aliitwa mbele. Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja nyuma akatoa sauti ya kufukuza mbuzi.

"Mama," Citoyenne Bilonda akaanza, "wananchi walishiriki kuchagua tatizo la kuchunguzwa?"

"Tulisema maji. Fishi zilikuwa zimechapwa mashamba. Weka moja."

Shefu Édouard akakohoa. Profesa akatabasamu kuelekea meza ya wajumbe, kama mzazi ambaye mtoto wake amevunja kikombe mbele ya wageni.

"Walishiriki kukusanya habari?"

"Kabisa. Weka tano."

Tabasamu la Profesa likatulia.

"Walipata matokeo?"

"Walipata. Weka tano tena. Matokeo tulipata mwezi wa pili, asubuhi, mahindi ikiwa karibu kukomaa. Ilikuya na mapanga."

Mmoja wa wale wajumbe wanaume aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Citoyenne Bilonda hakuandika. Aliuliza, "Mapanga gani, Mama?"

Hortense akafungua mdomo aeleze. Lakini Philomène alikwisha kusimama. Alikuwa katika safu ya nne, kitambaa cheusi kichwani, maana Joachim alikuwa amezikwa miezi mitano kabla.

"Akae chini!" akasema. "Huyu leo anataka kuwa shujaa? Minye njo nitasema. Si Profesa aliyekuya kwangu. Profesa hayui hata mlango yangu. Ni huyu. Alikaa jikoni yangu, alikula bukari yangu, akaniomba nimuonyeshe. Nilimuonyesha kile bwana yangu hakuonyesha ndugu zake. Akaandika. Leo anasema mapanga, mapanga. Weye njo panga!"

Watu wakaanza kunguruma. Wengine walimpigia Philomène makofi, na ndiyo makofi ya kwanza ya kweli yaliyosikika siku ile. Shefu Édouard, aliyekuwa akitafuta njia ya kumnyamazisha Hortense, alijikuta hana haja. Alikunja mikono akasikiliza kwa raha.

Hortense alisimama pale mbele. Alikuwa amejiandaa usiku kucha kwa ajili ya Profesa na kwa ajili ya Shefu. Kwa ajili ya huyu hakuwa amejiandaa. Hasira ilimpanda, na maneno yalikuwepo tayari mdomoni: shamba langu pia, jina langu la kwanza, njaa yangu pia. Akayameza.

"Ni kweli," akasema. "Mwandiko ni yangu. Niliambia bantu ni ya elimu tu, na sikuuliza inaenda wapi. Ningeuliza. Nilikuwa ninafurahi kusifiwa."

"Sema tena!" mtu akapiga kelele.

"Nimesema."

Citoyenne Bilonda akamgeukia Profesa. "Citoyen Profesa, orodha yenye majina ya watu ilifikaje mikononi mwa wenye mapanga?"

"Utafiti wa chuo ni mali ya taifa, Citoyenne," Profesa akajibu, sauti ileile laini. "Tulikabidhi matokeo kwa utawala, kama programu inavyotaka. Hatuwezi kuwajibika kwa matumizi."

"Pamoja na majina?"

"Majina yanaonyesha kiwango cha ushirikiano. Mnayataka ninyi wenyewe, kwenye fomu zenu za tathmini."

Citoyenne Bilonda akatazama karatasi zake, na ni wazi kwamba yaliyosemwa yalikuwa kweli, kwa sababu mkono wake ulikwenda kuukaza waya wa sikioni. Kabla hajajibu, Shefu Édouard aliinuka akaanzisha wimbo wa chama. Ukumbi mzima ukalazimika kusimama na kuimba. Maswali mawili yaliyobaki hayakuulizwa. Baadaye ilijulikana kwamba yalijazwa.

Nje, Hortense alikuwa akikata uwanja kuelekea nyumbani, watu wakimpisha kwa upana kama alivyozoea, aliposikia viatu nyuma yake. Ni yule mjumbe.

"Mama, subiri. Nimeandika ulichosema, chote. Ukitia sahihi, hawataweza kukiondoa."

"Jina yangu imeandikwa ya kutosha."

"Nataka kukusaidia."

Hortense akasimama, akamtazama vizuri. Aliona mwanamke aliyechoka, mwenye vumbi la barabara hadi magotini, na pengine mwenye nia njema. Hata Profesa, mwaka ule wa kwanza, pengine alikuwa nayo. Hakumpenda hata kidogo.

"Hii karatasi yako inaenda wapi?"

"Kwa mkuu wa chuo."

"Na kutoka pale?"

Citoyenne Bilonda alisita. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli ulimwaibisha. "Sijui," akasema.

"Basi unaona."

Akamwacha pale uwanjani na kalamu yake.

Malipo hayakuchelewa. Wiki iliyofuata padre, bila kumtazama, alimwambia kwamba foyer inapunguza walimu. Kila Jumamosi Shefu Édouard alimpangia mfereji wa mbele ya ukumbi wa chama, peke yake, na koleo lenye mpini uliopasuka. Mara mbili aliitwa kuulizwa na watu wasiojitambulisha, wakamkalisha kwenye benchi kutwa nzima, wakamrudisha bila kumuuliza chochote. Na mtaani hakuna kilichobadilika, isipokuwa kwamba sasa waliomchukia walikuwa na maneno yake mwenyewe ya kutumia. "Alikubali mwenyewe," walisema. "Alisema alikuwa anafurahi."

Miezi sita baadaye habari zilifika kupitia kwa mmoja wa wanafunzi wa zamani. Programu ya Chuo na Raia ilikuwa imepata wastani wa nne. Tathmini ilikuwa na ukurasa mmoja, karibu na mwisho, uliosema kuna haja ya kuboresha mawasiliano na wananchi. Hortense hakujua kama ukurasa ule ndio Citoyenne Bilonda aliopigania au ndio aliobakiziwa. Programu ilikuwa imeruhusiwa kuendelea. Kapolowe, mwanzo wa mvua.

Aliposikia hivyo alifunga mlango wa lupango akapanda treni.

Kapolowe alikuwa na binamu, Émilienne, aliyelima karibu na misioni na kukausha samaki. Hortense alikaa kwake siku tano. Hakuitisha mkutano, alikuwa ametosheka na mikutano. Alikwenda nyumba kwa nyumba, kama alivyofanya zamani na fishi gotini, ila safari hii mikono mitupu. Aliwaambia yote, na hakujipamba. Wengine hawakumwamini. Mzee mmoja alimfukuza, akasema watu wa mji wanaleta maneno ya kugombanisha watu na serikali.

"Batakuya na roho muzuri," aliwaambia wanawake. "Batauliza shida yenu. Batakaa kwenye kiti ya chini. Mutapenda kusema. Hata minye nilipenda."

"Sasa tukatae?" akauliza Émilienne. "Tukikataa, Shefu wetu atatufunga."

"Sikukuya kuwafundisha majibu," akasema Hortense. "Nilikuya kuwaambia ile karatasi ilifika wapi. Mengine muangalie mweye wenyewe."

Wakaangalia. Wanafunzi walipofika mwanzo wa mvua, Kapolowe iliwapokea kwa samaki na viti. Hakuna aliyekataa swali hata moja. Kila mtu alitaja jina, akaonyesha shamba, akatoa hesabu ya mavuno, na wanafunzi wakaandika mpaka vidole vikakakamaa. Ila majina yale yalikuwa ya watu waliolala makaburini nyuma ya misioni, wengine tangu wakati wa Wabelgiji. Émilienne alijiandikisha kwa jina la bibi yake. Mashamba yalipelekwa upande wa mto ambako hakulimwi kitu, kuna mawe tu. Padre mmoja aliyeona orodha alikaa nayo dakika nyingi, kisha akairudisha bila neno.

Profesa Kasanji alipongezwa kwa idadi ya walioshiriki. Haikuwahi kuwa kubwa namna ile.

Wauza samaki walileta habari hizo Likasi, na sokoni watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Walijua ni nani aliyekwenda Kapolowe. Hawakumtaja. Lakini bombani ndoo moja au mbili ziliacha kuvutwa, na hilo Hortense aliliona bila kuligeuza kuwa kitu kikubwa.

Alasiri moja Philomène alivuka barabara. Kwa miaka mitatu alikuwa hajaukanyaga upande ule isipokuwa kwa ufagio. Hortense alikuwa uani, amekaa kwenye mashine yake ya kushona, anabadilisha kola ya shati la mtu. Aliinuka, hakujua aweke mikono wapi.

"Mama Philo. Karibu."

Philomène hakuketi. Alishika nguzo ya kibaraza, akatazama mashine, ambayo Martine alikuwa amejifunzia.

"Nilisikia ya Kapolowe," akasema. "Ile majina ya bafu, ya makaburini."

"Walifikiri wenyewe. Si minye."

"Lakini uliwaambia mbele fishi haiyafika."

"Ndiyo."

"Siye hakuna mwenye kutuambia." Alimgeukia Hortense. "Uliona fishi zimechapwa tangu siku ya kwanza. Ulisema vile pale ukumbini. Uliona, ukanyamaza. Kapolowe ulienda kwa treni. Kwangu ilikuwa kuvuka barabara tu."

Hortense akamsogezea kigoda. Philomène hakukitazama.

"Martine iko na mimba ya pili," Philomène akasema. "Hana miaka kumi na minane."

Akaachia nguzo, akarudi kwake, hakufunga mlango wa bati nyuma yake. Hortense akaenda kuufunga. Barabarani, takataka za asubuhi zilikuwa bado zipo. Alichukua ufagio akaziondoa, halafu akarudi kwenye kola, maana mwenye shati alikuwa amesema atapita kabla ya saa kumi na mbili.

Msimu ule alipata kipande cha ardhi mbali, mwendo wa saa mbili kwa miguu, kwa mtu aliyemkodisha bila karatasi. Philomène alikuwa amepata chake huko huko. Asubuhi walitoka pamoja kwa sababu njia ilikuwa moja, Philomène mbele na jembe begani, Hortense hatua hamsini nyuma, na hakuna kati yao aliyewahi kupunguza mwendo wala kuongeza.